Oneko Alishinda Rufaa, Lakini Hakwenda Nyumbani

Majina sita ya Kapenguria karibu kila mtu aliyepitia shule Kenya anaweza kuyataja: Kenyatta, Kubai, Kaggia, Karumba, Ngei, Oneko. Tuliyakariri, tukayaandika kwenye mtihani, tukayasahau. Tarehe 20 Oktoba ikifika tunapata siku ya kulala hadi saa nne, wakubwa wanahutubia uwanjani, na stori inaishia palepale: walikamatwa, wakafungwa, wakatoka, uhuru ukaja.

Mimi shida yangu ni hiyo nafasi kati ya "wakafungwa" na "wakatoka". Hapo katikati kulikuwa na rufaa. Si moja, ni kadhaa. Moja ilishinda kabisa, halafu ushindi ukachukuliwa. Nyingine ilimshindia mtu mmoja tu, Achieng' Oneko, na bado hakuachiliwa. Kisha miaka 4 baada ya milango yote ya rufaa kufungwa, shahidi mkuu akajitokeza akasema alichosema kortini kilikuwa uongo.

Hii sehemu ndiyo inatuhusu zaidi, wasee. Wengi wetu hatutaitwa mashujaa wa taifa na hakuna barabara itapewa jina letu. Lakini yeyote kati yetu anaweza kubebwa na makarao Ijumaa usiku, akaamka Jumatatu akiwa kizimbani na mtu asiyemjua ananyoosha kidole akisema "ni huyu". Kwa hivyo acha nikupeleke pole pole.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring anatangaza hali ya hatari. Kenyatta anachukuliwa kwake Gatundu na kusafirishwa kwa ndege hadi Lokitaung, huko juu Turkana. Serikali imeshamkamata, lakini bado haina kesi. Yaani wanajua wanataka afungwe, sasa inabidi watafute wapi, kwa nini, na nani atamfunga.

"Wapi" waliipata Kapenguria. Siku hizi ukitoka Kitale ni lami na matatu, unafika hata hujamaliza njugu. Wakati huo hapakuwa na reli, hapakuwa na simu, hapakuwa na hoteli. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku, kama kilomita 40 kwenda na nyingine 40 kurudi, kwenye vumbi. Korti yenyewe ilikuwa chumba cha shule. Hakuna kikundi cha raia cha kusikiliza na kutoa maoni, ni hakimu mmoja peke yake. Ili ionekane kesi inastahili kusikilizwa huko, washtakiwa walitolewa Lokitaung wakaletwa Kapenguria mnamo Novemba 1952, wakaambiwa wako huru, halafu wakakamatwa tena papo hapo. Mtu anaachiliwa ili akamatwe! Karatasi ziseme amekamatiwa Kapenguria, basi kesi ni ya Kapenguria.

"Nani" alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii. Kando ya mshahara, Thacker alilipwa pauni 20,000 kutoka kwa serikali ya Baring. Pauni 20,000 za mwaka 1953, usizifikirie kwa bei ya leo. Sihitaji kusema zilikuwa za nini. Nauliza tu swali dogo: wewe ukiwa mshtakiwa, halafu ujue aliyekushtaki ndiye anayempa hakimu wako mzigo wa kustaafia, utakuwa na imani gani na hukumu?

Upande wa utetezi ulikuwa na watu wazito. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Kulikuwa na Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson Mjamaika, na vijana wa hapa nyumbani kama Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Huwa nasimama kidogo hapo kwa Kapila na wenzake, kwa sababu kwenye vitabu vya shule wamebaki nusu mstari. Hawa walikuwa Wahindi wa Kenya wenye biashara ya uwakili ya kupoteza, na walichagua kukaa upande huo wa chumba. Pritt mwenyewe alituma telegramu London kwa wabunge akilalamika kwamba mazingira ya kesi yanawanyima washtakiwa haki. Akashtakiwa yeye, eti amedharau mahakama. Hiyo kesi aliishinda, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Sasa tuje kwa shahidi. Shtaka lilikuwa kwamba hawa sita waliendesha Mau Mau. Ushahidi wa moja kwa moja dhidi ya Kenyatta ulitegemea sana mtu mmoja anaitwa Rawson Macharia. Alisema kwamba mnamo Machi 1950 alimwona Kenyatta akisimamia kiapo cha Mau Mau. Cheki hiyo tarehe. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950. Hata kama kila neno la Macharia lingekuwa kweli, kiapo hicho kilitokea miezi kadhaa kabla ya chama chenyewe kuwa haramu. Utetezi ukaleta mashahidi waliompinga Macharia, mmoja baada ya mwingine. Thacker akawaweka wote kando, akasema anamwamini Macharia. Tarehe 8 Aprili 1953 akawahukumu wote sita miaka 7 na kazi ngumu.

Hapo ndipo kitabu cha shule hufungwa. Twende mbele.

Julai 1953 rufaa inafika kwenye mahakama kuu ya koloni. Mawakili wanaleta hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama ni utani: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa mkoa wa Kaskazini, na Kapenguria iko Rift Valley. Yaani hakimu alihukumu watu katika mkoa ambao si wake. Baada ya ile ujanja yote ya kukamata, kuachilia na kukamata tena, walisahau kuangalia ramani. Majaji wakakubali. Hukumu ikafutwa, ikaamriwa kesi ianze upya.

Najua kuna watu husema mtu akishinda kwa "kasoro ndogo ya sheria" basi hajashinda kweli. Sikubaliani nao hata kidogo. Swali la nani ana mamlaka ya kukuhukumu ndilo la kwanza kabisa. Kama hakimu yeyote anaweza kuokotwa popote na kuwekwa popote, basi mwenye kesi ndiye anachagua refa. Kapenguria ilikuwa hivyo hasa, na hiyo kasoro "ndogo" ilikuwa alama ya vidole iliyoachwa na wizi mkubwa.

Ushindi haukudumu. Serikali ilikimbilia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na kabla ya mwaka kuisha mahakama hiyo ikasema Thacker alikuwa na mamlaka. Hukumu ikarudi mahali pake. Rufaa ikabidi irudi chini kusikilizwa kwa hoja za ushahidi. Januari 1954 majibu yakatoka: watano wameshindwa, Oneko ameshinda. Mahakama ilisema ushahidi dhidi yake hautoshi. Hao watano wakajaribu Privy Council kule London, na mwaka huohuo wa 1954 wakakataliwa hata ruhusa ya kusikilizwa. Mwisho wa barabara.

Kabla sijamfikia Oneko, kuna kitu ambacho kila nikikifikiria nashangaa upya. Mwaka 1953, mwaka uleule, Mahakama hiyohiyo ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kesi nyingine inayoitwa Abdalla bin Wendo. Haikuwa na watu mashuhuri wala waandishi wa habari. Ilihusu utambuzi wa mshtakiwa na shahidi mmoja katika mazingira magumu, na mahakama ikaweka kanuni: ushahidi wa shahidi mmoja unaweza kumtia mtu hatiani, lakini ni lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa sana, na ni vizuri utafute kitu kingine cha kuuunga mkono. Ukisoma hukumu za rufaa za Kenya leo, hasa za wizi wa mabavu, hilo jina la bin Wendo utalikuta tena na tena. Limewatoa watu wengi jela. Kapenguria haikuwa kesi ya utambuzi wa sura usiku, nakubali, lakini wasiwasi ni uleule: mtu mmoja, neno lake, na miaka ya watu wengine inaning'inia hapo. Kwa hivyo mtu asikuambie majaji wa enzi hizo hawakujua hatari ya shahidi mmoja. Walijua. Waliandika wenyewe.

Oneko sasa. Mahakama imesema hana hatia. Kwa akili ya kawaida unavuka mlango, unatafuta gari, unaenda kwa watu wako. Yeye alishikwa tena palepale chini ya kanuni za hali ya hatari, ambazo ziliruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kesi. Hakuna shtaka, hakuna hakimu, hakuna rufaa, kwa sababu hakuna hukumu ya kukatia rufaa. Alikaa kizuizini hadi 1961. Kenyatta, aliyeshindwa rufaa, alimaliza kifungo 1959, akawekwa Lodwar, halafu Maralal, akarudi Gatundu Agosti 1961. Kwa hivyo aliyeshinda na aliyeshindwa walirudi kwao mwaka mmoja. Hizo karatasi mbili tofauti kutoka mahakama ileile zilileta matokeo mamoja.

Turudi kwa Rawson Macharia. Novemba 1958 anaapa afidaviti akisema ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa vitu: nauli ya ndege kwenda Uingereza, masomo ya utawala wa serikali za mitaa huko Exeter, pesa za kutunza familia yake akiwa nje, na kazi ya serikali akirudi. Na kweli alikuwa amekwenda Uingereza baada ya kesi. Baring mwenyewe alikuwa amemwandikia waziri wa makoloni kwamba juhudi zote zimefanywa kuwapa mashahidi zawadi na ulinzi, wasiwasi wake ukiwa tu watafanya nini wakikutana na Kenyatta uso kwa uso.

Ungetarajia nini? Mtu amekuja kwa hiari yake, anasema "nilidanganya, watu watano wamefungwa". Kesi ifunguliwe tena, si ndiyo? Ilichofanya serikali ni kumshtaki Macharia. Na si kwa kudanganya Kapenguria, ngoja. Alishtakiwa mwaka 1959 kwa kuapa afidaviti ya uongo, yaani kwa kusema kwamba alidanganya. Pritt, yuleyule aliyemhoji Kapenguria kama adui, akarudi Kenya kumtetea. Macharia akapatikana na hatia, akafungwa. Ushahidi wake wa kwanza ulimpeleka Exeter na wa pili ukampeleka jela. Kila shahidi mwingine aliyekuwa na kitu moyoni alipata somo lake bila kulipa karo.

Na hata kama wangemwamini, wangempeleka wapi? Rufaa zilikuwa zimeisha 1954. Rufaa kwa kawaida husoma kile kilichoandikwa kwenye kesi ya kwanza. Kama uongo uliingia kwenye karatasi vizuri, ukiwa umeandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri, ngazi za juu zitausoma kama ushahidi.

Hawa sita angalau walikuwa hai wakati Macharia alipoongea. Katika miaka ya hali ya hatari watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri mwezi uliofuata kwa kupatikana na bastola, rufaa zake zote zikatupwa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kukamatwa, kesi, rufaa Afrika Mashariki, ombi London, kitanzi: yote chini ya miezi 4. Leo kuna watu hungoja muda mrefu kuliko huo ili tu wapate nakala ya hukumu yao. Kasi inategemea serikali inataka nini.

Nikiishia hapo itakuwa rahisi sana, tutamlaumu mkoloni halafu twende tukanywe chai. Lakini mwaka 1966 Kenya huru ilijitungia sheria ya usalama wa umma iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi. Aliyekuwa rais unamjua. Mwaka huohuo Oneko, aliyekuwa waziri wa habari, alijiuzulu akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika KPU. Oktoba 1969, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu wakati wa ufunguzi wa hospitali, Oneko alikamatwa tena. Alikaa ndani bila kesi hadi 1975. Saini haikuwa ya Baring tena. Ilikuwa serikali ya mtu aliyekaa naye benchi moja Kapenguria, aliyejua kwa mwili wake mwenyewe hali ile ilivyo.

Na mwaka huohuo wa 1975 mwenzao mwingine wa Kapenguria, Paul Ngei, alipatikana na hatia ya kosa la uchaguzi na kuzuiwa kugombea. Kwake Bunge lilibadilisha katiba ili rais aweze kumsamehe. Sitaongeza neno, weka hizo stori mbili kando kwa kando tu.

Katiba ya 2010, nampa kila mtu haki yake, ilisoma historia hii vizuri. Ibara ya 50 inasema ukihukumiwa una haki ya kukata rufaa au kuomba mahakama ya juu zaidi ipitie kesi yako. Na kifungu cha 6 cha ibara hiyohiyo ndicho mlango ambao Macharia hakuupata: hata kama rufaa zako zimeisha, au muda umepita, unaweza kuomba Mahakama Kuu ikupe kesi mpya ukiwa na ushahidi mpya na wenye uzito. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ushahidi huo uwe ule ambao hungeweza kuupata wakati wa kesi hata kwa bidii, na uwe wa kuweza kubadilisha matokeo. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu iliyoanzishwa na watu waliokuwa wamehukumiwa kifo, mahakama hiyo ikasema sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila mauaji bila kusikiliza mtu ni nani na ilikuwaje. Mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Jela nzima za watu waliokuwa wamejaa matumaini kwa kesi za wizi wa mabavu zikasikia hiyo habari.

Shida ni kwamba mlango wa kifungu cha 6 unahitaji mtu wa kuusukuma. Ushahidi mpya hautembei wenyewe hadi Kamiti. Anayetaka kuutafuta yuko ndani, hana simu, hana wakili, na yule shahidi aliyedanganya anajua kabisa kwamba akikubali alidanganya anaweza kushtakiwa yeye. Sheria ya kuapa uongo bado ipo, na inafaa iwepo. Lakini kama hatutengenezi njia ya shahidi kurudi na ukweli bila kuogopa kuwa Macharia wa pili, tumebaki na mlango mzuri wenye kufuli ndani.

Rufaa ya kawaida nayo ina mitego yake. Kutoka korti ya hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 14. Ukichelewa unaweza kuomba uruhusiwe ukiwa na sababu nzuri, lakini lazima ujue kwamba kuna kitu cha kuomba. Mahakama Kuu ikiketi kwa rufaa hiyo ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, si kupiga muhuri tu. Ukishindwa hapo, Mahakama ya Rufaa itasikiliza hoja za sheria peke yake. Kwa maneno mengine, nafasi yako ya mwisho ya kusema "huyo shahidi hakuniona" ni hiyo rufaa ya kwanza, na watu wengi huiandika wenyewe kwa kalamu, ndani ya jela, wakisaidiwa na mfungwa mwenzao aliyejifunza sheria humohumo. Baadhi ya hao wafungwa wanaandika vizuri kuliko mawakili wengine niliowasikia, na sisemi hivyo kwa utani.

Mtaani kwetu kuna kijana alifungwa kwa wizi. Shahidi mmoja, usiku, taa ya duka la jirani. Sisemi hana hatia, sikuwepo. Mamake anauza mboga kwenye kona tunayopandia matatu, na ndiye aliyeniuliza kama siku 14 zinahesabiwa na wikendi. Nikamwandikia kwenye karatasi yale ya kuuliza, pamoja na jina bin Wendo kwa herufi kubwa, nikamsindikiza kortini kuulizia nakala ya mwenendo wa kesi. Karani alikuwa mpole, tukaangalia naye kwenye daftari. Kesi ilikuwa bado haijachapwa. Mama alikunja ile karatasi akaiweka ndani ya kitambaa chake cha pesa, tukaambiwa turudi baada ya wiki 3.